Jiwe Namba Nne Halikudondoka

Dereva alinishusha hatua mia tatu kabla ya mizani, kwa kuwa lori la mzigo haliruhusiwi kubeba abiria, na kwa kuwa, alivyosema mwenyewe, uso wangu ni wa mtu anayeulizwa maswali kila anakokwenda. Basi nililoanza nalo safari lilikuwa limelala upande wa pili wa kilima tangu juzi, limekatika shafti, na kipuri kilikuwa kinasubiriwa kutoka mji mwingine. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha utingo saa nne nzima, magoti yakigonga dashibodi, nyuma yangu tani ishirini za mawe meupe. Kabla sijafunga mlango dereva akanirushia kipande kimoja, ukubwa wa sabuni ya kufulia.

"Shika zawadi. Almasi hiyo, ila haijakomaa."

Nikaingia mjini kwa miguu. Vumbi jeupe lilikuwa limekaa juu ya kila kitu: majani ya ua, kofia ya askari wa mizani, nyusi za wanaume waliokuwa wanatoka zamu kwenye kinu cha kusaga mawe. Maduka yaliuza chekeche, glavu na mipini ya nyundo. Nilipouliza pa kulala nikaelekezwa kwenye nyumba ya vyumba sita iliyozunguka ua wa saruji. Kwenye ngazi ya mlango alikaa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, kitambaa cha kichwa kimefungwa nyuma, anashona kipini cha mkoba uliokatwa kutoka kwenye gunia. Hakuniangalia usoni. Aliangalia mkono wangu.

"Umelinunua hilo?"

"Nimepewa."

"Afadhali. Aliyekupa kakwambia nini?"

"Almasi ambayo haijakomaa."

Hakucheka. Alilichukua lile jiwe, akalifunika kwa kona ya gunia, akatoa nyundo ndogo chini ya mapaja, akapiga mara moja. Kisha akafunua taratibu kama mtu anayefunua mtoto aliyelala.

"Tazama. Usiguse kwanza, tazama. Hapa bapa, na hapa bapa, zimekutana kama ukuta na ukuta. Huku kwingine kumeparuka ovyo. Hii ni feldispa. Wanaisaga, wanatengenezea masinki ya chooni."

"Kwa hiyo nimetembea na choo mkononi."

"Kipande cha choo," alinisahihisha. "Karibu ndani. Mwenye nyumba ni dada yangu, yuko sokoni. Chumba cha mwisho godoro lake zuri, cha kwanza kina kunguni, na akikwambia vyote ni sawa usimbishie, mwambie tu unataka cha mwisho."

Mtaa mzima ulimwita Bi Kokoto. Watoto walimpa jina hilo, watu wazima wakalishika, na dada yake aliacha kulipinga siku alipogundua kwamba hata barua zinafika kwa jina hilo.

Nilikaa siku tatu kusubiri kipuri, na siku tatu zinatosha kumsikia mtu ambaye hajawahi kuulizwa. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye banda la kuchambua mawe, pale chini ya kinu. Mawe yalipita juu ya mkanda wa mpira, wanawake kumi upande huu, kumi upande ule. Kazi ilikuwa kutoa kwatzi na kuiacha feldispa iendelee, kwa sababu udongo wa masinki ukizidi kwatzi, sinki hutoka tanurini zima na kupasuka likipoa. Shida ni kwamba yote mawili ni meupe, na uzito wake mkononi ni mmoja. Mhandisi aliyewafundisha alitumia robo saa na chati ya rangi.

"Chati ya rangi!" Bi Kokoto alisema, akikata uzi kwa meno. "Nyeupe, nyeupe kidogo, na nyeupe. Basi. Akaondoka na gari lake."

Aliyemfundisha kweli ni mama mmoja aliyekaa mbele yake kwenye mkanda, ambaye hakujua kusoma. Alimwambia asilitazame jiwe linavyojionyesha, atazame linavyoachia. Kila jiwe lina mahali pake pa kuachia, au halina kabisa, na hapo halidanganyi. Kwatzi haina. Ukiipiga inamegeka kama kitako cha chupa, mawimbi mawimbi. Feldispa inaachia pande mbili zinazokutana pembe mraba, au karibu na hapo. Baada ya mwaka mmoja Bi Kokoto aliweza kuzitenganisha gizani, kwa kidole.

Halafu ikaja ile shehena. Msimamizi aliongeza kasi ya mkanda mara mbili ili kuwahi oda. Bi Kokoto alimwendea mara tatu kumwambia kwamba kwatzi inapita. Mara ya tatu akaambiwa arudi akakae, yeye si mhandisi. Masinki mia nne yakapasuka. Wiki iliyofuata ikaletwa karatasi iliyochapwa tayari: sisi wachambuaji wa zamu ya asubuhi tulikosea kwa uzembe. Alikuwa na mabinti wawili shuleni na mume aliyeaga kwamba anakwenda kutafuta kazi na bado anaitafuta. Akatia sahihi. Miaka miwili baadaye ikaletwa mashine yenye taa, wanawake wote wakaachishwa, na kwenye cheti chake cha kazi wakaandika alivyofanya kazi kwa neno moja lililotoka kwenye karatasi ile.

"Miaka kumi na tisa," alisema, "halafu mzembe. Wangenipa hata maneno mawili."

Baada ya hapo aliingia shuleni, na aliingilia uani. Watoto wa jirani walikuja kumwona anapasua mawe kwa ajili ya kujifurahisha, wakapeleka habari darasani, na darasa la nne halikuwa na mtu wa kufundisha sehemu ya mawe na udongo. Mwalimu mkuu wa shule hiyo alikuwa amemwoa binti wa dada yake. Kwa hiyo Bi Kokoto alikuwa mwalimu wa muda chini ya mwanamume ambaye nyumbani alimwita mama na kumpisha kiti. Shuleni walikubaliana aitwe Mwalimu. Makubaliano hayo yalidumu mpaka walipokasirikiana mara ya kwanza.

Jumatano alinipeleka darasani. Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja, sakafu imelika, madawati yamesukumwa ukutani. Watoto thelathini na wawili walikaa chini makundi manne, kila kundi na bamba la chuma, kipande cha gunia, nyundo moja na miwani ya plastiki ya mafundi, ambayo ilivaliwa kwa zamu na aliyeshika nyundo. Wengine walikaa nyuma ya mstari wa chaki. Aliyevuka mstari nyundo ikiwa juu alipoteza zamu yake wiki nzima, na mstari huo niliona ukiheshimiwa kuliko mipaka mingi niliyovuka mimi.

"Tunapiga mara ngapi?" akauliza.

"Moja!"

"Na tukishapiga?"

"Tunatazama!"

"Macho au mikono?"

"Macho! Mikono baadaye!"

Aliwagawia chumvi ya mawe. Wakapiga, wakafunua, na ndani ya gunia kulikuwa na visanduku vidogo, pembe zote mraba, na kisanduku kidogo zaidi kikipigwa kinatoa visanduku vingine. Akawagawia ulanga, ambao haukuhitaji nyundo: walichomeka ukucha wakaufungua kurasa kwa kurasa, mpaka msichana mmoja akaweka ukurasa mmoja juu ya jicho na kutangaza kwamba anamwona mgeni, na kwamba mgeni anahitaji kunyoa. Huyo ndiye waliyemwita Redio. Alikuwa na miaka kumi na sauti ya mtu anayetangaza mechi.

"Nasikia huyu mgeni anajua lugha nyingi," Redio alisema. "Huko kwingine ulanga wanauitaje?"

Niliwaambia kuna watu wanaouita dhahabu ya paka. Darasa likavurugika. Bi Kokoto akasubiri kelele ziishe.

"Na huko kwa paka unachanika vipi?"

"Vivyo hivyo," nikasema. "Kurasa."

"Mnaona. Jina linabadilika ukivuka mto. Mpasuko haubadiliki."

Mwisho akawapa kalisaiti, jiwe jeupe la jamii ya chokaa linalotoa povu likidondoshewa siki, na watoto wakaikimbilia. Kalisaiti inaachia pande tatu, kama chumvi, lakini pembe zake zimelala. Ni sanduku lililosukumwa bega. Wavulana wawili wakabishana kama ni chumvi iliyopinda, na Bi Kokoto hakuwaamua. Aliwapa kona ya kadi iliyokatwa pembe mraba, wakaipachika kwenye jiwe, ikakataa kukaa. Mmoja akasema, polepole, kama mtu anayepoteza shilingi, "Basi si chumvi."

Kengele ilipolia, mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mtu mnene, nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni, na uso uliokuwa na haya kabla hajasema neno.

"Mwalimu," alianza. "Kesho mkaguzi anakuja."

"Najua."

"Mtihani wake utatoka kwenye kabati. Si mawe haya ya kuokota."

Kabati lilikuwa ofisini kwake, la kioo, lina kufuli. Ofisi ya elimu ilikuwa imeleta mawe kumi na manane kwa kila shule, yamesagwa mviringo kama mayai, kila moja na lebo. Yalipofika yalikuwa yamefifia, na mwalimu mkuu, ambaye alipenda vitu vipendeze, alimwita seremala wa shule akayapake vanishi. Yakang'aa hasa. Wakubwa walipoyaona walimsifu mkutanoni, wakaagiza masanduku ya shule zote kumi na nne yaletwe kwa seremala huyo huyo, na mwalimu mkuu akasaini kwamba yote yako sawa. Ilikuwa sifa kubwa kuliko zote alizowahi kupata.

"Yale yaliyopakwa rangi," Bi Kokoto akasema.

"Vanishi, mama. Ni ya uwazi."

"Mkwe, nimeyashika yale matatu meupe, namba nne, tano na sita. Yote mayai. Nimedondoshea siki, siki imeteleza juu ya vanishi yako. Nimejaribu kuyakwaruza kwa kisu, nimekwaruza vanishi. Sijui ni mawe gani. Watoto watajuaje?"

"Watasoma lebo."

"Basi mpe mkaguzi lebo peke yake, mawe yatatuzuilia mlango usijifunge."

Mwalimu mkuu akaangalia dirishani, akaniona mimi, akaona aibu zaidi. Akashusha sauti. Mkaguzi alikuwa na orodha ya masomo ya kufutwa, alisema, na somo la mawe lilikuwa juu kabisa: lina nyundo, lina kelele, linafundishwa na mtu asiye na cheti cha ualimu. Watoto wakitaja mawe kumi na manane, somo linabaki na yeye anabaki. Wasipotaja, linafutwa kesho hiyo hiyo na saa zake zinaingia kwenye hesabu. "Wakariri tu, mama. Siku moja. Halafu Ijumaa mpasue hata mlima."

"Mimi siwaambii watoto waseme wasichokiona."

"Siyo waseme uongo! Waseme kilichoandikwa."

"Hayo mawili," alisema Bi Kokoto, akikunja gunia, "niliwahi kuyachanganya nikiwa kijana."

Kesho yake mkaguzi alifika saa mbili na nusu kwa gari la kijivu. Nilitegemea mtu mkali. Alikuwa mzee mpole, amechoka, ana faili kifuani na kikohozi cha vumbi, na aliwasalimia watoto vizuri. Kabati lilisukumwa darasani juu ya meza yenye magurudumu. Mawe yaling'aa kama pipi. Mimi nilipewa kiti nyuma, kwa masharti ya kutofungua mdomo, na masharti hayo aliyatoa Redio.

Mkaguzi akaanza na ulanga, wakautaja. Chumvi ya mawe wakaijua kwa kona ndogo iliyokuwa imemegeka. Akafika safu ya meupe. Akamnyooshea kidole Redio.

"Namba nne ni jiwe gani?"

"Sijui."

"Soma lebo, binti."

"Lebo inasema kwatzi."

"Vizuri. Kwa hiyo ni jiwe gani?"

"Sijui."

Mtoto mmoja akachekea kwapani. Mkaguzi akavua miwani.

"Hujui kwa nini, na umesoma sasa hivi?"

"Hatujalipasua."

Akamwuliza wa pili. Wa pili akasema hajalipasua. Wa tatu alikuwa mvulana mwoga. Akamwangalia mwalimu mkuu, akamwangalia Bi Kokoto, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye pia hajalipasua, samahani. Mkaguzi akauliza darasa zima: nani anajua namba nne? Mikono haikupanda. Namba tano? Namba sita? Thelathini na wawili, mikono magotini. Mwalimu mkuu alikuwa anafuta shingo. Hakuna aliyewafundisha kukataa pamoja. Niliwaona wakitazamana, kila mmoja akiangalia kama mwenzake atavunjika, na hakuvunjika mtu.

"Mwalimu mkuu," mkaguzi alisema, bila hasira, na hilo ndilo lililouma, "haya ni maswali ya kusoma. Darasa la nne. Siwezi kuliacha somo hili libaki." Akafungua faili, akatoa kalamu.

Bi Kokoto hakuomba ruhusa. Alichukua namba nne kutoka kabatini, akaliweka juu ya bamba la chuma, akavaa miwani.

"Mama!" mwalimu mkuu akaita. Jina la Mwalimu lilikuwa limemtoka kichwani. "Mama, hiyo ni mali ya ofisi!"

"Nyuma ya mstari," akasema Bi Kokoto, na mkaguzi, pamoja na faili lake, akarudi nyuma ya mstari wa chaki.

Alilifunika kwa gunia. Akapiga mara moja.

Hakufunua yeye. Alimwita Redio, akamvisha miwani, akampa kona ya gunia. Redio akafunua, akainama, mikono nyuma. Lile yai lililong'aa lilikuwa limekwisha. Palikuwa na vipande vyeupe vilivyolala mabega, visanduku vilivyosukumwa, vidogo na vikubwa, vyote vimeinama upande mmoja.

"Semeni mnachokiona," Bi Kokoto akasema.

"Pande tatu."

"Bapa zote."

"Pembe zimelala!"

"Kwatzi ina pembe?"

"Haina!"

"Basi hili ni nini?"

"Kalisaiti!" likaja darasa zima, na kikohozi cha mkaguzi kikasahaulika. Bi Kokoto akasaga chembe chache kwa nyundo, akadondoshea siki. Ikachemka povu dogo, ikitoa mlio ambao ulibidi tunyamaze kuusikia. Mkaguzi alivuka mstari kuja kusikiliza.

"Inaweza kuwa kosa moja," alisema.

"Inaweza," Bi Kokoto akasema, na akapiga namba sita, iliyoandikwa kalisaiti. Ilimegeka kama kitako cha chupa. Akapiga namba tano, iliyoandikwa feldispa, na ilikuwa feldispa, kuta mbili zimekutana.

Redio alikuwa ameshaanza kuchora hewani kwa kidole. "Nne imekwenda sita. Sita imekuja nne. Tano iko katikati, haijahama. Mtu kageuza safu!"

Mwalimu mkuu alikaa juu ya dawati la mtoto, na dawati likalalamika.

"Ubao," alisema. "Seremala alizitoa lebo, akapaka, akayapanga juani juu ya ubao kwa mstari. Jua likahama. Mimi ndiye niliyemwambia ageuze ubao ili upande wa pili ukauke." Akafunika uso. "Yenye rangi tuliyatambua, tukayarudisha. Meupe tulifuata mstari."

"Na masanduku ya shule nyingine?" mkaguzi akauliza.

"Ubao huo huo."

Watoto hawakucheka, na naamini ni kwa sababu walimpenda. Mkaguzi alikaa muda akigeuza kipande cha kalisaiti kwenye mwanga, akakisogeza juu ya herufi za faili na kuziona zikiwa mbili mbili, kama kalisaiti angavu inavyozionyesha, akatabasamu kidogo, akajikumbuka. Kisha akasema waende ofisini, yeye, mwalimu mkuu na Bi Kokoto. Bi Kokoto akasema yaliyofanyika mbele ya watoto yamalizwe mbele ya watoto.

Basi yakamalizwa pale. Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwamba vielelezo vitatu vya ofisi vimevunjwa, na lazima aandike vimevunjikaje. Ipo fomu. Akiandika kwamba namba nne lilidondoka kwa bahati mbaya wakati wa ukaguzi na kuangukia yale mawili, fomu inaishia hapo. Yeye atasema watoto walijibu vizuri, na hakika wamejibu vizuri. Somo linabaki. Lebo za shule hii zitasahihishwa polepole. Za shule nyingine zitatafutiwa wakati wake.

"Tia sahihi tu hapa chini kama shahidi," alimwambia Bi Kokoto, akimsogezea fomu aliyokwisha kuijaza, "kwamba lilidondoka."

"Mama," mwalimu mkuu akasema, na nilimwona kwamba hakuwa anajiokoa yeye peke yake. "Unabaki na darasa lako. Kila kitu kinabaki."

Bi Kokoto aliisoma fomu yote, mbele na nyuma, kidole kikifuata mstari.

"Karatasi ya namna hii nilishatia sahihi," alisema. "Ilikuwa imeandikwa vizuri pia." Akairudisha. "Halikudondoka. Nimelipasua. Andika hivyo."

"Nikiandika hivyo lazima nisimamishe somo mpaka uende ukajieleze kwa ofisa elimu mwenyewe."

"Ofisa yuko wapi?"

"Makao makuu. Saa tatu kwa gari."

"Na masanduku kumi na tatu yaliyobaki, watoto wao wanafanya mtihani lini?"

Mkaguzi akakohoa. "Wiki ijayo."

"Watoto wa shule kumi na tatu watapewa alama kwa kusema kwatzi ni kalisaiti. Atakayesema kweli atakosa." Alianza kufungua aproni. "Gari lako lina nafasi?"

"Mama, hukuitwa leo! Utaletewa barua."

"Barua inapitia kwa nani? Kwako, mkwe. Utaiweka chini ya barua nyingine mpaka isahaulike." Alisema bila ubaya. "Nakwenda leo. Nikifutwa nifutwe nikiwa nimesimama mbele yao na mawe yapo mezani. Redio, funga nne kwenye kitambaa, peke yake. Sita peke yake. Andika nje ulichokiona, siyo jina. Ulichokiona."

Redio aliandika akitamka kila neno: pande tatu, pembe zimelala. Darasa likamsahihisha mahali alipokosea herufi. Mvulana mwoga akaleta chupa ya siki bila kuambiwa.

Mwalimu mkuu alikuwa bado amekaa. Kisha akainuka, akachomoa kalamu moja mfukoni, akachukua fomu ile kutoka mezani kwa mkaguzi, akapiga mstari juu ya neno lilidondoka. Mstari wenyewe ulikuwa mwembamba na ulipinda. Juu yake akaandika: lilipasuliwa na mwalimu kuthibitisha jiwe, lebo ilikosewa na mimi. Akatia sahihi yake haraka, kama mtu anayeruka maji baridi.

"Haya," alimwambia Bi Kokoto. "Beba na hiyo. Wakikufuta wewe, wanifute na mimi."

"Mwandiko mbaya," Bi Kokoto akasema. Lakini aliikunja fomu mara nne na kuiweka kifuani, si mkobani.

Tulitoka nje wote, ingawa hakuna aliyesema watoto watoke. Dada yake alikuwa ameshapata habari, sijui kwa njia gani, na alikuja akikimbia na sweta na mfuko wa mkate, akimtukana kwa mapenzi mpaka getini: mkaidi, kichwa cha chuma, wewe utakufa umesimama. Bi Kokoto alivaa sweta. Dereva wa gari la kijivu alifungua mlango wa nyuma, na Bi Kokoto akaupita, akafungua wa mbele, akakaa.

"Hapo ni kwa mkaguzi, mama," dereva akasema.

"Nyuma natapika."

Mkaguzi alisimama kidogo, faili kifuani, kikohozi kikimsumbua. Halafu akaingia nyuma kama mgeni kwenye gari lake mwenyewe, na Bi Kokoto akamgeukia akamkabidhi vile vitambaa viwili avipakate, akimwonya kwamba cha kushoto ni namba nne na wakifika akikuta vimebadilishana atajua ni nani.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye nguzo ya geti. Kipuri cha basi kilikuwa bado hakijafika. Aliteremsha kioo.

"Wewe msafiri. Kipindi chao kimebakiza dakika arobaini. Mkwe atawasimamia, lakini mkwe haoni vizuri karibu. Kaa kwenye mstari. Atakayevuka, umemwona."

"Wamesema somo limesimamishwa," nikasema.

"Nani kasema? Mimi sijasikia."

Mkaguzi, nyuma, alikuwa anatazama vitambaa. Naye, ama kweli, hakusema kitu. Gari likazunguka kisima, likapita mizani bila kupimwa, na kutoka getini tuliona mkono wake dirishani, ukichora pembe hewani, ukimwelezea dereva jambo. Kisha lori la mawe likaingia kati yetu na vumbi likafunga barabara.

"Jamani, ndani," Redio akatangaza. "Mgeni, wewe simama hapa. Siyo hapo. Hapa."